Programu haianzi kwenye kompyuta: mambo ya msingi kwa anayejifunza na kwa anayelipa

Kwa muda sasa naulizwa swali moja kwa sura mbili. Wazazi wauliza kama yafaa kumlipia mtoto masomo ya kuandika programu za kompyuta, yale ambayo vijana wayaita kodingi. Nao wanakamati wa madrasa, vyama vya akiba na vikundi vya wavuvi wauliza mbona programu walizozilipia hazifanyi kazi waliyoitaka. Pwani yetu haina uhaba mkubwa wa vijana wanaoweza kuandika programu. Wako pale Technical University of Mombasa, chuo ambacho wazee wetu walikijua kwa jina la MIOME, wako Swahilipot, na wengine wamejifundisha wenyewe kwa simu usiku. Uhaba ni wa mtu anayeweza kukaa na mwenye shida mpaka shida ikaeleweka, kisha akaipanga kazi ili ifike mwisho.

Mambo haya mawili yana majina yake. La kwanza ni uchambuzi wa biashara, na neno biashara hapa si duka peke yake bali shughuli yoyote ya taasisi, hata ya msikiti. La pili ni mbinu za ujenzi wa programu. Nitaanza na hili la pili, kwa sababu vijana hulisoma kama orodha ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na haliko hivyo.

Maporomoko

Njia ya zamani yaitwa maporomoko ya maji. Kazi yateremka hatua kwa hatua wala hairudi juu. Mahitaji yote yaandikwa na kutiwa sahihi, kisha mfumo wachorwa, kisha programu yaandikwa, yajaribiwa, halafu yakabidhiwa. Mwenye kulipa aiona kazi siku ya sahihi na siku ya makabidhiano. Katikati ni subira.

Wengi humtaja mhandisi wa Kimarekani, Winston Royce, kuwa ndiye baba wa njia hii kwa sababu ya makala yake ya mwaka 1970. Hapa pana kichekesho. Royce aliuchora mteremko huo, halafu akaonya kwamba ukifuatwa hivyo ulivyo ni hatari, maana majaribio yako mwisho na kasoro ya msingi ikijitokeza hapo itabidi kurudi mwanzo. Neno maporomoko hata hakulitumia. Watu walichukua mchoro, onyo wakaliacha.

Sisemi kuwa njia hii ni mbovu. Yafaa pale ambapo kinachotakiwa chajulikana na hakibadiliki, na pale ambapo kosa laweza kuua mtu, kwa mfano mashine ya hospitali. Zabuni za serikali nazo huipenda, kwani bei na makaratasi viko wazi tangu mwanzo. Tatizo lake ni kwamba yamtaka mtu ajue anachokitaka kabla hajakiona. Fundi wa kanzu akikupima mara moja yatosha, kwa sababu wewe na yeye mwaijua kanzu. Programu ya kazi yako hakuna aliyewahi kuiona, hata wewe mwenyewe.

Mfano mkubwa watoka Marekani. Shirika la upelelezi la FBI lilitaka kuhamisha mafaili yake ya kesi kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta. Mradi ukaitwa Virtual Case File. Waraka wa mahitaji ulikuwa wa mamia ya kurasa, nao ukawa wabadilishwa huku kazi yaendelea. Mwaka 2005 mradi ulitupwa baada ya kula takriban dola milioni 170. Wakaanza mwingine, Sentinel, na huo nao ukachelewa na kupanda gharama. Mwaka 2010 FBI iliuchukua mikononi mwake, ikapunguza watu, ikaigawa kazi vipande vifupi vifupi ambavyo wapelelezi wangeweza kuviona na kuvisema kasoro zake. Mwaka 2012 Sentinel ikaanza kutumika. Taasisi ile ile na shida ile ile. Kilichogeuka ni namna ya kuifanya kazi.

Ajaili na wenzake

Hiyo namna ya vipande vifupi ndiyo iitwayo ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Mwezi Februari 2001 watengenezaji programu 17 walikutana Snowbird, Utah, kwenye hoteli ya watu wa kuteleza kwenye theluji, wakatoa tamko fupi. Kwa maneno yangu, walisema kwamba wathamini watu na mazungumzo zaidi ya taratibu na zana, programu inayofanya kazi zaidi ya makaratasi tele, kushirikiana na mteja zaidi ya kuvutana juu ya mkataba, na kukubali mabadiliko zaidi ya kung'ang'ania mpango. Wakaongeza na kanuni 12. Walisema pia kwamba vile vya upande wa pili navyo vina thamani yake, ila thamani ya vile vya kwanza ni kubwa zaidi. Sehemu hii vijana wengi hawaisomi.

Ndani ya ajaili mbinu inayotajwa zaidi ni skramu. Jina latokana na mchezo wa raga, pale wachezaji wanapokumbatiana na kusukumana kwa pamoja. Wataalamu wawili wa Kijapani, Takeuchi na Nonaka, walilitumia mfano huo mwaka 1986 walipoeleza jinsi makampuni fulani yalivyobuni bidhaa haraka. Mwaka 1995 Ken Schwaber na Jeff Sutherland wakaileta hadharani kama mbinu ya kujenga programu. Mwongozo wao wapatikana bure kwenye intaneti na toleo la 2020 ni fupi. Kijana aweza kuumaliza baina ya Alasiri na Magharibi.

Kazi hugawanywa katika vipindi viitwavyo sprinti, na hakuna kinachozidi mwezi mmoja. Wengi huchagua wiki mbili. Timu yawa ya watu 10 au chini ya hapo. Mmoja ni mwenye bidhaa, ambaye kazi yake ni kusema kipi kitangulie. Mwingine ni skramu masta. Huyu si bosi, bali huisaidia timu kufuata utaratibu na huondoa vikwazo. Waliobaki ni wajenzi. Kila siku hukutana dakika 15. Mwisho wa sprinti huonyesha walichokamilisha kwa wale watakaokitumia, halafu hukaa peke yao kuulizana kazi ilikwendaje na nini kirekebishwe.

Kwa maoni yangu mwenye bidhaa ndiye kiungo kinachovunjika mara nyingi kwetu. Kamati huteua mtu mwenye heshima, Alhaji fulani, ambaye hana wakati wala hapokei simu, na kijana wa programu hubaki akikisia. Bora karani mwenye saa mbili za kila wiki kuliko mwenyekiti mwenye dakika tano za kila mwezi.

Kanbani nitaitaja kwa ufupi. Ilitoka kwenye viwanda vya Toyota, kwa Taiichi Ohno, na ilikuwa ni kadi za kuashiria kwamba kitu fulani chahitajika sasa. Kwa watu wa programu imekuwa ubao wenye safu: ya kufanywa, yanayofanywa, yaliyokwisha. Siri yake ni kuweka kikomo katika safu ya kati. Ukikubaliana kwamba hakuna zaidi ya kazi tatu mkononi, ya nne haiguswi mpaka moja iishe. Yafaa sana kwa kazi ya matengenezo, ambapo maombi huja bila miadi.

Onyo moja. Limekuwa jambo la kawaida sasa mtu kuja na kusema "sisi twafanya ajaili," akimaanisha kwamba hana mpango, hana maandishi, na bei itaongezeka akiendelea. Mtu kama huyo muulize: baada ya wiki mbili nitaona nini kwa macho yangu? Akikosa jibu, hiyo si ajaili.

Kazi ya mchambuzi

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Mchambuzi wa biashara ni yule anayesimama baina ya mwenye shida na mjenzi, akijua lugha ya wote wawili. Kazi yake ya kwanza si kuandika alichoambiwa. Ni kujua kinachohitajika, na mara nyingi hivyo ni vitu viwili tofauti.

Mfano tunao mfukoni. M-Pesa haikuanza kama njia ya kutumiana pesa. Majaribio yake ya mwaka 2005, yaliyoendeshwa na Vodafone na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Waliosimamia walikuwa wakitazama watu wanaitumiaje. Wakaona wateja wawatumia wenzao pesa, wanunua salio, walipiana madeni, na kufanya mengine ambayo hayakuwamo katika mpango. Upande wa mikopo nao ukawa mgumu kuoanisha na vitabu vya taasisi. Basi ilipozinduliwa kwa umma mwezi Machi 2007, habari ya mikopo iliwekwa kando na wito ukawa ni kutuma pesa nyumbani. Laiti wangeshikilia waraka wa kwanza, leo sote twalijua tungekuwa na nini: programu ya kulipia mikopo yenye wateja wachache.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Madrasa moja hapa Mombasa, ambayo naiacha bila jina, ilinunua programu ya kukusanya ada kutoka kwa kampuni ambayo nayo naiacha bila jina. Programu haikuwa imeharibika. Ilitengenezwa kwa ajili ya shule ya kulipia, ikabadilishwa nembo ikaletwa kwetu. Baada ya miezi michache kamati ilirudi kwenye daftari, na mimi nikaombwa nitazame kulikoni, kwa kuwa nina diploma ya mambo haya na nimefanya kazi za mifumo kwenye ofisi za kliaringi.

Jambo la kwanza lililoumiza ni mayatima. Ada zao hulipwa na wafadhili kwa bahasha moja inayofika mwanzo wa mwaka, bila majina. Programu ilimtaka kila mwanafunzi awe na mzazi wake na malipo yake, kwa hiyo mayatima wote wakatokea kwenye orodha ya wadaiwa. Mwalimu mgeni, ambaye hakuwa na habari, akawarudisha wawili nyumbani wakalete pesa. Mama yao mlezi alikuja analia. Hakuna aliyewaonea kwa makusudi. Palikosekana tu mtu wa kuuliza, kabla ya kujenga, nani hulipa na humlipia nani.

La pili, programu iliongeza asilimia kwa kila mwezi wa kuchelewa. Mudiri alipoiona risiti alishika kichwa. "Riba! Ndani ya nyumba ya kusomeshea Qur'ani!" Kwa aliyeiandika ilikuwa ni faini ya kawaida, na ndivyo zilivyo shule nyingi. La tatu, pesa zote ziliingia mfuko mmoja, ilhali zaka ina watu wake maalumu wa kupewa na haichanganywi na pesa za kulipia stima. La nne, mihula ya madrasa hufuata Ramadhani na Idd, ambazo kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11 katika kalenda ya Januari hadi Disemba, na programu haikuijua kalenda nyingine. Hata saa zilileta ugomvi, kwa kuwa ratiba iliandikwa saa 8 kwa hesabu yetu, ya baada ya Adhuhuri, nayo ikaichukua kuwa ni asubuhi.

Kijana aliyeletwa kurekebisha alikuwa hodari na mwenye adabu, lakini alianza vile walivyomfunza.

"Ami, niambie tu mwataka vitufe gani, nitavitia leo leo."

"Vitufe baadaye, mwanangu. Jumamosi njoo ukae na Ustadh, umtazame anavyopokea pesa. Usimuulize kitu mpaka amalize."

Akaja, akakaa. Alichokiona hakikuwamo katika waraka wowote. Daftari la Ustadh halikupangwa kwa majina ya wanafunzi. Lilipangwa kwa nyumba. Kila ukurasa una jina la nyumba, chini yake watoto wote wa nyumba ile, na pembeni jina la anayelipa, ambaye aweza kuwa bibi, kaka anayefanya kazi bandarini, au mjomba aliye Muscat anayetuma za mwaka mzima kwa mara moja. Akina Mohamed Ali walikuwa wanne, na Ustadh hawachanganyi kwa sababu hawajui kwa majina bali kwa nyumba. Kijana alirudi akaubomoa msingi wa programu na kuupanga upya kwa nyumba, na nusu ya malalamiko yakaisha hapo.

Zana zenyewe

Nilichomfanyia kijana yule chaitwa uchunguzi wa kutazama, nacho ni moja ya mbinu 50 zilizomo katika mwongozo wa fani hii uitwao BABOK, toleo la 3 la mwaka 2015. Hutolewa na International Institute of Business Analysis, taasisi iliyoanzishwa Kanada mwaka 2003. Anayeanza hahitaji zote. Mahojiano, kutazama, na kuchora mwendo wa kazi vitampeleka mbali.

Kuchora mwendo wa kazi hufanywa mara mbili: kazi ilivyo leo, pamoja na uchafu wake wote, na kazi itakavyokuwa. Tofauti baina ya michoro hiyo ndiyo inayopaswa kujengwa. Wengi huruka mchoro wa kwanza kwa kuona haya, hawataki ionekane kwamba risiti hukaa kwenye mfuko wa kanzu mpaka Ijumaa. Lakini hilo ndilo la kuandikwa.

Halafu mahitaji huandikwa kwa umbo la hadithi fupi ya mtumiaji. Kwa madrasa ile: mimi mweka hazina nataka kuona malipo kwa nyumba, ili nijue mjomba amewalipia watoto gani. Chini yake hutiwa masharti ya kukubali, yaani vipi tutajua kwamba imekamilika: pesa zikiingia kwa jina la nyumba, watoto wote wa nyumba waonekane wamelipiwa bila karani kugawanya kwa mkono. Sharti lisiloweza kujaribiwa si sharti. "Programu iwe rahisi" halina maana. "Ustadh aweze kutoa risiti bila kumwita mtu" lina maana.

Baada ya hapo ni kupanga kwa uzito: ya lazima, yanayofaa, ya ikibaki nafasi, na ya si safari hii. Fungu la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa kila mwanakamati ana lake. Kule kwetu kutenga zaka kulikuwa lazima, na picha za watoto kwenye risiti zikaambiwa si safari hii, japo aliyezitaka alinuna.

Yako pia mahitaji yasiyo ya kazi yenyewe bali ya sifa zake: ifanye kazi stima ikikatika, ifunguke kwenye simu ndogo, iwe kwa Kiswahili. Na sheria. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za mtoto zahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Madrasa yenye majina ya mayatima kwenye kompyuta ya mtu mwingine yapaswa kujua ni nani mwingine anayeyasoma.

Nani asome haya

Rai yangu haitawafurahisha wauza kozi. Nadhani watu wa Mombasa walio tayari zaidi kwa kazi hii si vijana wa kompyuta, bali makarani wa kliaringi ambao ofisi zao zilidorora mizigo ilipopelekwa Nairobi kwa reli. Watu hawa wamepitia mfumo wa Simba wa forodha tangu 2005, wakaja KWATOS ya bandari, kisha TradeNet, kisha iCMS. Wajua kinachotokea jina la mwenye mzigo likikosewa kwenye manifesti, nani huanza kurekebisha, na siku ngapi hupotea huku ghala lahesabu. Ujuzi huo haufundishwi darasani. Wakipungukiwa ni namna ya kuuandika na kuuchora tu, na hiyo ni kazi ya miezi, si miaka. Mtu wa miaka 45 aliyefungiwa ofisi asiambiwe akajifunze kodingi na wajukuu.

Anayetaka cheti, taasisi niliyoitaja ina kiwango cha waanzao kiitwacho ECBA ambacho hakidai uzoefu wa kazi. Ada ni ya dola, kwa hiyo asikimbilie. Kwanza achague kazi moja iliyo karibu naye, mnada wa samaki au duka la dawa la jirani, aitazame siku mbili, aichore ilivyo, kisha ampelekee mwenyewe mchoro na kumuuliza wapi amekosea.

Na kamati inayotaka kununua programu, isilipe yote mwanzo. Iandike kwenye mkataba kwamba malipo yafuata vipande vilivyoonyeshwa na kukubaliwa, kwamba data yote ni ya taasisi na itatolewa ikidaiwa, na iteue kwa jina mtu mmoja mwenye kauli. Mfano wa karatasi tuliyoitumia kwenye madrasa ile ninao, kurasa tatu kwa Kiswahili. Anayeutaka aniandikie kupitia kwa mhariri.